Tenga, kitanzi, mtambo au ulimbo: mtego upi wa ndege ukufae?

Mtama ukianza kutia maziwa kule Kitui, Makueni au Tharaka, simu za wenye mashamba wanaoishi Nairobi huanza kulia. Ndege wameingia. Aliyeachiwa shamba anaomba hela za vibarua, mwenyewe yuko Kayole au Rongai na mwezi bado katikati, na hapo ndipo mtu hukumbuka kwamba babu yake alikuwa mtegaji. Nitege nini? Wengine huuliza kwa haja tofauti: mwalimu anayetaka wanafunzi wake wa mjini waone ufundi wa wazee wao, au mzazi anayetaka mtoto ajue kusokota ugwe kwa kiganja na paja kabla ujuzi huo haujatoweka nyumbani kwao. Na yupo anayetamani tu kitoweo cha kwale.

Naweka hapa mitego minne inayojulikana sana vijijini, halafu naiweka kando ya njia mbili ambazo si mitego lakini hufanya kazi ileile shambani. Kipimo changu nakitaja mapema. Sihesabu mtego umenasa ndege wangapi. Naangalia mtegaji anabakiwa na nini ndege akishaingia: je, anaweza kumtazama, kumtambua, na kumwachilia akaruka mzima, au mtego umeshaamua kila kitu kabla hajafika? Mwenye mtama wa kuokoa anaweza kuona kipimo hiki ni cha watu walioshiba. Nitaonyesha kwamba yeye ndiye kinayemfaa zaidi.

Sheria kwanza

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 ikatamka kwamba hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani ni kosa, na anayepatikana nalo hutozwa faini au hufungwa. Ndege wa porini wamo humo. Kwa hiyo anayetamani kwale simpi mtego, namwambia afuge. Njiwa hufugika hata kwenye ploti, kuku wa kienyeji tunawajua, na kware tuliwaona wakijaa mitaani mwaka 2013 na 2014, wakati kila mtu alitaka mayai yao na wafugaji wakapanga foleni kutafuta leseni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Soko lile lilianguka na watu wakaumia, lakini kware mwenyewe bado ni ndege anayekua upesi na kutaga mapema.

Mkulima aliyezidiwa na ndege waharibifu aanzie ofisi ya KWS iliyo karibu naye na kwa afisa wa kilimo wa kaunti, kabla hajatega chochote cha kunasa. Mwalimu na mzazi wana nafasi pana zaidi, kwa sababu mtego unaweza kutengenezwa, kutegwa na kufyatuliwa kwa kijiti mbele ya watoto bila ndege yeyote wa porini kuguswa.

Tenga

Tenga la fito au mianzi hufunikizwa juu ya chambo, upande mmoja ukiwa umeinuliwa kwa kijiti cha urefu wa shibiri. Kijiti kimefungwa ugwe, ugwe umenyooshwa hadi kichakani, na mtegaji amejificha hapo, kimya. Ndege haingii moja kwa moja. Anadonoa ukingoni, anatoka, anazunguka, anarudi. Asiye na subira huvuta ndege akiwa bado ukingoni, na tenga humwangukia mgongoni au kumvunja bawa. Anayejua hungoja mpaka mkia upite ukingo ndipo avute, kwa mvuto mmoja wa haraka. Ukizungushia ukingo kitambaa kizee au majani makavu ya mgomba, hata ukivuta vibaya ndege haumii sana.

Chambo cha wala nafaka ni mtama au chenga za mahindi. Kwa wala wadudu hakuna kinachoshinda kumbikumbi wa mvua za kwanza, na ndiyo sababu ya watoto wengi kutega msimu huo. Mjini hutegwa karai badala ya tenga, na wengi waliokulia Dandora au Kawangware wanalijua karai hilo na kijiti chake kutokana na kufukuzana na njiwa. Karai hufanya kazi, lakini ni zito, halipitishi hewa, na ndege akishafunikwa humwoni. Kwenye tenga unamwona.

Hapo ndipo tenga linapoiacha mitego mingine nyuma. Ndege yumo ndani na hajaguswa. Ukitupa leso juu ya tenga giza linamtuliza, anaacha kujipigapiga. Tenga lililosukwa vizuri lina tundu juu lenye kifuniko, mkono unaingia kupitia hapo. Ukikuta ni chozi au kurumbiza aliyefuata kumbikumbi, unainua ukingo naye anakwenda zake. Umepoteza nini? Punje chache na robo saa.

Udhaifu wa tenga ni huohuo unaolifanya liwe jema: linataka mtu. Huwezi kulitega ukaenda sokoni. Linanasa mmoja, wawili, pengine watano kwa mvuto, na ndege wa eneo hilo hujifunza upesi.

Lipo tenga jingine lisilohitaji mvutaji. Mdomo wake umesukwa kuelekea ndani kama wa dema la wavuvi wa Pwani, ncha za vijiti zikielekea katikati. Ndege wanaotembea chini, kanga na kwale hasa, huingia kwa kusukuma, na wakigeuka ncha zinawazuia. Hili hunasa wengi zaidi na halivunji mfupa, ila likiachwa juani linaua vibaya. Ndege mdogo aliyefungiwa kwenye jua la saa sita hupotewa na maji mwilini haraka sana. Mahali pake ni kivulini, maji yawemo ndani, na likaguliwe asubuhi kabla jua halijakali na tena kabla ya magharibi. Asiyeweza kufika mara hizo mbili asilitege.

Huko Kondoa, katikati ya Tanzania, ufundi wa matenga umekuzwa kufikia kazi kubwa. Wategaji wa kule huwanasa kwelea, wale ndege wadogo wala nafaka waendao kwa makundi makubwa, kwa matenga na nyavu, wakawala na kuwauza, na watafiti wa kilimo wamewatembelea kujifunza kama njia hiyo inaweza kupunguza matumizi ya sumu. Naitaja kwa heshima. Lakini mkulima wa Kenya asiichukue kama jibu la shamba lake moja. Kwelea mmoja ana uzito wa gramu 15 hadi 20 na hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege milioni moja linamaliza tani 10 kwa siku. Utanasa mia tano, ufurahi, na jioni shamba litakuwa limeisha vilevile.

Kitanzi

Kitanzi ndicho cha bei ya chini na chepesi kubeba. Wazee walikitengeneza kwa singa za mkia wa ng'ombe au kwa katani iliyosokotwa nyembamba, fundo la kukimbia likiwa upande mmoja na upande wa pili umefungwa kwenye kigingi. Huwekwa vingi kwa mstari, vikiwa vimesimama, kwenye kijia ambacho kwale hupita kwenda kunywa maji, au hulazwa chini kwenye uwanja wa chambo ili vinase miguu. Upana wake ndio ufundi wenyewe. Kitanzi cha shingo ya kwale huwa karibu na ngumi ya mtoto; cha mguu wa njiwa hakizidi vidole vitatu.

Kikiwekwa karibu na tenga, kitanzi hushinda kwa mambo mawili. Kwanza, hutega chenyewe: unaviweka ishirini alfajiri na kwenda kulima. Pili, humnasa ndege mwangalifu ambaye hatathubutu kuingia chini ya kitu chochote kilichofunika. Watu husema ndege mjanja hunaswa na tundu bovu, na kitanzi cha singa kwenye majani makavu huwa hakionekani hata na mtu aliyekitega.

Kinaposhindwa ni baada ya hapo. Kilichokaza shingoni kimeua. Kilichokaza mguuni kimemwacha ndege hai, akirukaruka, na kila mruko unaukata mguu zaidi. Ukimwachilia baada ya saa mbili, umemwachilia kilema. Halafu wapo wanaofika kabla yako. Paka na kanu, yule mnyama mdogo wa usiku, hufuata sauti. Siafu hawahitaji sauti, na aliyewahi kukuta ndege wa kitanzini baada ya siafu kupita usiku hasahau.

Kama ni lazima uchague kati ya nyuzi, tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Singa hukatika ndege mkubwa asiyekusudiwa akivuta kwa nguvu, na hilo ni jema. Katani huoza msimu wa mvua, kwa hiyo kitanzi kilichosahauliwa hufa chenyewe. Nailoni haikatiki na haiozi. Kitanzi cha nailoni ulichosahau mwezi wa nne bado kinanasa mwezi wa kumi, na hakuna wa kwenda kukikagua. Waya ni mbaya kupita hiyo, na porini hauchagui kati ya ndege, paa na mbwa wa jirani. Kwa maonyesho ya shule nyuzi za katani zinatosha kabisa, na watoto hupata raha ya kuzisokota wenyewe.

Mtambo

Huu ndio mtego wa fundi. Fito mbichi, inayopindika bila kuvunjika, huchimbiwa ardhini na kupindwa mpaka ncha ikaribie chini. Kwenye ncha kuna ugwe wenye kitanzi na kijiti kidogo kilichochongwa, nacho kimeshikizwa kwa kijiti kingine ambacho ndege lazima akikanyage au akidonoe ili apate chambo. Akikigusa, kishikizo kinaachia, fito inanyooka, kitanzi kinakaza na ndege anainuliwa hewani. Mkole hupendwa kwa fito zake, ule ule uliotengenezewa pinde.

Ukiuweka mtambo na kitanzi cha kawaida ubavu kwa ubavu, mtambo una sifa ambayo kitanzi hakina kabisa: waweza kuupima kwa uzito. Kwale ana uzito wa mara ishirini na zaidi kuliko kwelea. Kishikizo kikikazwa ili kiachie kwa uzito wa kwale tu, ndege wadogo watatua, watakula na kuondoka. Hilo ni aina ya uamuzi, ingawa umefanywa mapema na fundi kwa kisu chake. Kati ya ufundi wote wa kijijini wa kunasa, huu ndio unaomfundisha mtoto mengi zaidi: nguvu iliyohifadhiwa kwenye mti uliopindwa, msuguano wa kijiti juu ya kijiti, wenzo, mizani. Mwalimu wa sayansi anaweza kuutumia kipindi kizima bila kumaliza.

Hauvumilii uzembe, hata hivyo. Fito ikikaa imepindwa usiku kucha huzoea kupinda na kupoteza nguvu, kwa hiyo hutegwa asubuhi na kuteguliwa jioni. Mvua ikinyesha ugwe wa katani hujaa na kishikizo hukwama. Fito nene huweza kumpiga mtu usoni, na jicho la mtoto anayeinama kuchungulia chambo ndilo huwa karibu zaidi. Mbele ya darasa tumia fito nyembamba isiyozidi unene wa kidole kidogo, na afyatuaye atumie kijiti kirefu, si kidole. Ndege aliyenaswa na mtambo kwa shingo hafiki mkononi akiwa hai, na huo ndio mpaka wa sifa zote nilizousifu.

Mtego wa jiwe bapa lililotegemezwa kwa vijiti ni jamaa wa mtambo huu, lakini huponda. Sioni sababu ya kuutega leo.

Mlingoti wa kware

Mtego huu siuhesabu katika ile minne kwa sababu ni wa watu wa eneo moja, lakini siwezi kuupita. Magharibi mwa Kenya, kwa Waluhya na Wajaluo, madume ya kware hufugwa kwenye vitundu vidogo vilivyosukwa, vitundu hivyo hutundikwa kwenye mlingoti mrefu uliosimamishwa shambani, na usiku hadi alfajiri madume huimba. Kware wa porini waliomo safarini husikia na kutua, na chini vitanzi vinawangoja kwenye vijia vilivyofyekwa. Usukaji wa vitundu vile ni wa kiwango cha juu sana. Mtu wa Nairobi anayependa kuhifadhi kitu kimoja tu kati ya mambo ya ndege na akasita achague nini, amtafute mzee anayesuka vitundu vile, amlipe, amrekodi mikono yake ikifanya kazi. Kitundu kitupu ukutani hakivunji sheria yoyote.

Ulimbo

"Mjomba, si ulimbo ndio rahisi?" aliniuliza kijana mmoja wa jirani, na ni kweli. Utomvu wa mfenesi au wa mkuyu, ukachemshwa au kutafunwa mpaka unate, ukapakwa kwenye vijiti karibu na maji au juu ya mti wenye matunda. Hakuna kusuka, hakuna kupima, hakuna kungoja.

Nilimjibu asiutumie kabisa, na namjibu kila mtu hivyo. Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo, na hakuna mtego unaoistahili methali hiyo kama ulimbo. Chiriku, chozi, shomoro, hata bundi mdogo anayetua kupumzika, wote hugandwa. Anayejaribu kujinasua kwa mguu hugandwa bawa, akitumia mdomo hugandwa mdomo. Kisha njoo wewe na moyo wako mwema utake kumwachilia: manyoya hayatoki kwenye ulimbo bila kung'oka au kupakwa mafuta, na manyoya yaliyopakwa mafuta hayakingi maji wala baridi. Ndege uliyemwachilia hufia kichakani, mbali na macho yako. Kwenye tenga, na hata kwenye kitanzi cha mguu, kuna walau dakika ambapo mtegaji anaweza kubadili nia. Kwenye ulimbo haipo.

Jambo hili si letu peke yetu. Ufaransa iliruhusu uwindaji wa ulimbo katika mikoa yake ya kusini kwa miaka mingi kama mila, mpaka Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilipotoa uamuzi mwaka 2021 kwamba mila peke yake haitoshi kuuhalalisha, na mwaka huohuo ukakomeshwa. Hoja kuu ilikuwa ndiyo hiyo: unanasa wasiokusudiwa na kuwaumiza wasipone.

Sumu naiweka kapu moja na ulimbo, na huko hatari inarudi mezani kwa mtu. Kwenye mashamba ya mpunga ya Bunyala, kaunti ya Busia, mtafiti wa ndege Mkenya Martin Odino alionyesha zaidi ya miaka kumi iliyopita jinsi dawa ya wadudu ya kabofurani ilivyotiwa kwenye konokono na nafaka ili kuua ndege, na nyama yake ikaliwa na kuuzwa. Ukiuziwa ndege wa porini waliochunwa tayari, hujui walikufaje.

Na wasiotega?

Sasa mkulima arudi kwenye mtama wake. Ndege hushambulia nafaka kuanzia inapotia maziwa mpaka inapokauka, karibu mwezi mmoja. Hula sana asubuhi na mapema, hupumzika jua likiwaka, kisha hurudi alasiri hadi machweo. Mwezi huo, na saa hizo, ndivyo vita vyenyewe. Mtego wowote kati ya ile minne hushughulika na ndege mmojammoja, nayo haja yako ni kulifanya kundi zima liende kwingine.

Kwa hiyo hapa naweka teo mbele ya tenga. Teo la katani, dungu la miti lililoinuliwa katikati ya shamba, na mtu mwenye sauti: huko ndiko kuamia ndege kama ilivyofanywa tangu zamani, na Mwea bado wanaajiri vibarua kwa kazi hiyo kila mpunga unapokomaa. Teo hurusha bonge la udongo mbali kuliko mkono, na mlio wake hewani huwarusha ndege hata bonge lisipowafikia. Kibarua mmoja aliye macho alfajiri na alasiri huokoa nafaka nyingi kuliko vitanzi mia. Mpe malipo yake, usimpe mtoto. Watoto kukosa shule mwezi mzima kwa ajili ya ndege ni gharama ambayo haionekani kwenye hesabu ya magunia, nasi tunaotuma hela kutoka mjini ndio tunaoweza kuizuia.

Kanda za kaseti zilizonyooshwa zikavuma kwa upepo, makopo ya kugongana, sanamu lenye koti: hivi vyote husaidia siku za mwanzo, kisha ndege huvizoea. Vihamishe kila baada ya siku mbili tatu, viongezee teo, usiviache peke yake.

Njia ya pili ni wavu wa kufunika. Kwa ekari nzima ya mtama gharama yake hukatisha tamaa, lakini kwa vipande vidogo, kwa mbegu unayotaka kuitunza, au kwa sukumawiki ya nyuma ya nyumba kule Umoja au Kahawa ambayo pasa wenye mikia mirefu huikata majani, hakuna kinachoushinda. Matundu yasizidi sentimita 2. Wavu uvutwe ukaze juu ya vigingi na upigiliwe chini pande zote, maana wavu uliolegea hugeuka kuwa mtego na utakuta ndege amejiviringisha ndani. Epuka ule wa uzi mwembamba usioonekana, unaofanana na wa kuvulia samaki. Usiku hunasa bundi na popo, ambao ni walinzi wako dhidi ya panya na wadudu. Nyavu nyembamba namna hiyo waachiwe watafiti wenye kibali, kama wale wa Ngulia, Tsavo Magharibi, ambao tangu mwaka 1969 huwanasa ndege wahamao wakati wa ukungu wa mwisho wa mwaka, huwavisha pete mguuni na kuwarusha tena, wakiwa wamekaa palepale penye wavu muda wote.

Mbegu nayo huchangia. Mtama mweupe usio na tanini nyingi, ule uchungu wa asili wa punje, unaopendwa na viwanda vya bia, ndio ndege huupenda pia. Mtama wa kahawia wenye tanini nyingi huwa mchungu ungali mbichi, na ndege wakiwa na pengine pa kwenda huuacha. Tena panda pamoja na majirani. Shamba lililotangulia kukomaa peke yake, au lililochelewa peke yake, hubeba ndege wa kijiji kizima.

Na kwelea wakija kwa mamilioni, kama walivyoingia kwenye mpunga wa Kisumu mwanzoni mwa 2023 baada ya ukame kumaliza nyasi wanazozitegemea kwa mbegu, hapo hakuna la mkulima mmoja. Piga simu kwa afisa wa kilimo siku ya kwanza unapoyaona makundi, usingoje ya tatu. Serikali ilinyunyiza dawa ya fenthioni mwaka ule, nayo ni sumu kwa ndege wengine na viumbe vya majini vilevile. Makundi yakitolewa taarifa yangali kwenye maeneo machache ya kulala, eneo la kunyunyiziwa huwa dogo zaidi.

Kwa mwenye kuchagua leo

Ukiwa na mtama au mpunga, hela yako iende kwa teo, dungu na kibarua aliye mtu mzima, na wavu kwa sehemu ya mbegu. Ukipata kibali cha kukamata waharibifu, tumia tenga la mdomo wa ndani, na umweke mtu wa kulikagua anayewajua ndege kwa majina. Kitanzi usikitege, hata cha singa, isipokuwa mbele ya watoto kikiwa kimekaza kijiti.

Mwalimu au mzazi nampa mtambo wa fito nyembamba na tenga la kuvuta, vyote viwili, kwa sababu kimoja kinafundisha ufundi wa mkono na kingine kinafundisha subira. Tenga mjaribie kuku wa nyumbani na chenga. Atatoka akiwa hajui kilichompata. Kabla ya hapo wapeleke watoto wakawatazame ndege wakiwa huru: Jumatano asubuhi shirika la uhifadhi la Nature Kenya huanzisha matembezi ya kuangalia ndege kutoka Makumbusho ya Taifa ya Nairobi, na wanaokwenda hupokewa hata wasiojua kutofautisha mnana na shomoro.

Vifaa havina shida kupatikana. Katani na wasukaji wa vikapu utawakuta soko la Kariokor, na ukimweleza msukaji kwamba unataka tundu lenye kifuniko juu atakuelewa mara moja. Fito ndizo za kufikiria. Zikatwe asubuhi ya siku ya kazi, au zilazwe ndani ya maji usiku kucha, kwa sababu fito iliyokaa juani siku mbili huvunjika papo hapo ukiipinda.